Mkono wa Nne

Marehemu aliingia mkutano ukiwa umeshaombewa. Akavuta kiti chake karibu na dirisha, miguu ya kiti ikakwaruza sementi, akaketi. Hakuna aliyegeuza shingo.

Mwalimu Nelima alihisi nywele za kisogoni zikimsimama. Huu ulikuwa mkutano wake wa tatu katika halmashauri ya Kituo cha Sanaa, pale nyuma ya soko la Kibuye, na yote mitatu marehemu alifika. Kazi yenyewe ni ya kujitolea, malipo yake chai na mandazi. Kwa mahudhurio, marehemu aliwashinda wajumbe wengi walio hai.

Mara ya kwanza Nelima alidhani ni mgeni, akataka kumwamkia. Milka, anayefundisha watoto ngoma, akamfinya paja chini ya meza. Baadaye, wakiosha vikombe, alimweleza kwa sauti ya chini.

"Huyo ni Absalom. Ndiye alianzisha hii kituo. Boti ilizama na yeye mwaka wa themanini na nne, akienda Rusinga kupiga ngoma. Ziwa ilikataa kumrudisha. Sasa sisi Wajaluo, mwili ikikosa, tunazika yago mahali yake, ile tunda ndefu. Tulilia, tukazika, ikaisha."

"Haijaisha, Mama. Si anakuja?"

"Akija, nyamaza. Mtu amezikwa, ukimsalimia unaita kifo kwa boma. Dishon alituapisha wote." Milka akaendelea kufuta kikombe kilichokuwa kimeshakauka. "Wewe ni mtu wa Bungoma, mwalimu. Mambo ya huku usiulize sana."

Mgeni ni kipofu, hata akiwa na macho. Nelima hakuuliza tena. Lakini kila mkutano macho yake yaliikimbilia picha ya Absalom pale ukutani: ngoma kifuani, ndevu nyeusi tititi. Huyu wa dirishani ndevu zake zilikuwa zimejaa mvi. Kumbe hata wafu huzeeka, Nelima alijiambia, na wazo hilo lilimtisha kuliko kiti chenyewe.

Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati. Maji yalichuruzika kutoka koti la marehemu, yakafanya kidimbwi chini ya kiti.

Dishon, mwenyekiti, alikohoa. Alikuwa mdogo wake marehemu, na baada ya matanga ndiye aliyemrithi mjane, Seline, kama desturi ilivyotaka. Seline naye alikuwa mjumbe. Aliketi kando ya Dishon akimnyonyesha mtoto wao, macho kayabandika mezani.

"Ajenda ni moja," Dishon alisema. "Kibao. Tunaandika pale mlangoni, Ukumbi wa Marehemu Absalom. Tumpe heshima yake, apumzike. Na mnajua sheria ya hapa: mkono mmoja wa waliofika ukikosa, jambo halipiti."

Sheria hiyo aliiweka Absalom mwenyewe, enzi zake.

"Napinga," akasema marehemu.

Sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajaitumia siku nyingi. Milka akaanza kuvumisha wimbo wa kanisa, midomo imefungwa. Seline alimkumbatia mtoto kwa nguvu hadi mtoto akalia.

"Nani anaunga mkono?" Dishon aliuliza, akiipandisha sauti juu ya mvua. Mkono wake ukawa wa kwanza. Ukafuata wa Milka. Wa Seline ulipanda polepole, na ule mwingine ukaivuta leso kufunika uso.

Wote wakamtazama Nelima.

"Seline," marehemu aliita. "Nitazame tu. Mara moja, basi."

Leso haikusogea. Marehemu akamgeukia Nelima.

"Mwalimu, wewe hukuwa kwa matanga. Wewe hukunizika. Wewe unaniona, najua. Usiinue mkono. Nakuomba, mama."

Nelima alimwogopa, na zaidi ya kumwogopa alimwonea huruma. Marehemu asiyekubali kufa anajitesa, na anawatesa aliowaacha. Akamwangalia yule mtoto anayelia. Akamwangalia Seline, mwanamke ambaye mikutano yote hii alikuwa akipumua kwa woga. Kama kibao cha mbao kingetosha kumpa mtu usingizi wake, yeye ni nani amnyime?

"Pumzika, Baba," alinong'ona, akainua mkono.

"Imepita!" Dishon alisema, na kwa haraka yake akasahau sala ya kufunga. Wakatoka mbiombio mvuani, Seline akishikwa kiwiko, Milka akiacha vikombe bila kuoshwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nelima alikuwa bado anatafuta mwavuli wake. Alipoinuka, marehemu alikuwa amesimama mbele yake, chini ya picha yake mwenyewe. Akamnyooshea mkono, kama wajumbe wafanyavyo mkutano ukiisha. Hakuna aliyewahi kumpa mkono mle ndani.

Nelima alifumba macho. Akajitayarisha kwa baridi ya kaburi, akaupokea.

"Haya, mwalimu," marehemu alisema. "Sasa mmenizika wote."

Mkono wake ulikuwa wa moto, umelowa jasho, na mshipa ulikuwa unapiga mbio kuliko wa Nelima.