Tairi za Masika

Alama za tairi za baiskeli zilipita chini ya kamba ya nguo, zikafika hadi mlango wa nyuma, kisha zikageuka na kutoka. Fundi Ahmadi alichuchumaa juu ya tope la uani kwake, akazipima kwa vidole. Zilikuwa kama nyayo za kuku. Katika Bigwa nzima alikuwa ameuza jozi moja tu ya tairi za namna ile, na aliyezinunua ni Wilfred, bwana shamba.

Hii ilikuwa Jumatano ya tatu. Kila Jumatano Ahmadi alikwenda Dumila kutafuta vipuri vya mtumba, na kila aliporudi alizikuta.

"Leo kuna mgeni aliyefika?" alimwuliza mkewe.

"Mgeni gani?"

Hidaya alikuwa akifua dera. Lilikuwa na tope mgongoni, mstari mmoja kutoka kiunoni mpaka mabegani, na kiganja chake kimoja kilikuwa kimechunika. "Niliteleza mtoni," alisema, ingawa hakuwa ameulizwa.

 Ahmadi ni mtu ambaye angekutajia tairi zako kwa kutazama tu njia uliyopita, lakini swali la pili kwa mkewe lilimshinda. Alimpenda tangu siku ile alipoingia kibandani kwake na tairi iliyopasuka, akicheka. Sasa aliogopa jibu.

Jioni, wakati wa kula, Hidaya alisema, "Nasikia mama kule juu mlimani kikohozi hakijamwacha. Na mvua hizi, dawa atapelekewa na nani?"

"Nilishakwambia, habari za kule sizitaki humu ndani. Mtu wa nyumba hii hakanyagi kule."

Ulikuwa mwaka wa pili Ahmadi na mama yake hawajasemezana, tangu ugomvi wa shamba la marehemu baba. Hidaya akainamia sahani yake. Ahmadi alimtazama, akaona mtu anayeficha jambo, akasukuma sahani pembeni kwa wivu.

Jumanne iliyofuata, Wilfred alifika kibandani akisukuma baiskeli yake ya gia.

"Fundi, masika yameniwahi. Hizi zimeanza kuwa vipara. Nifungie za tope."

"Kesho inapanda mlimani?"

"Jumatano haikosi," Wilfred alijibu, kisha akatazama pembeni kama mtu aliyeropoka.

Kwa Ahmadi hilo lilitosha.

Somo la tairi alikuwa amewahubiria watu wa Bigwa mpaka wamelikariri. Kiangazi, meno mafupi yaliyobanana, na upepo wa kutosha. Masika, meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke, mpira laini, na upepo upunguzwe mpaka tairi ibonyee kwa kidole gumba. Ukikosea, udongo mwekundu wa Uluguru unaziba meno yote, tairi inateleza kama imepakwa mafuta, na breki hazikusaidii kitu. Mwaka juzi mbeba mboga mmoja alikosea. Walimtoa korongoni kwa kamba, na hakuwa hai.

Jozi mpya ya masika ilining'inia ukutani. Ahmadi aliipita. Akachukua za kiangazi, zilizokaukia juu ya bati miaka miwili, akazipaka dawa ya viatu mpaka zikang'aa. Akazifunga, akapiga pampu mpaka zikawa ngumu kama mawe. 

"Mbona meno mafupi?" Wilfred aliuliza.

"Ndizo za kisasa. Zinajisafisha zenyewe."

"Haya, wewe ndiye fundi." Wilfred akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umenitoa hofu, ndugu yangu. Ile kona ya juu ya korongo imekuwa ikininyima usingizi."

Jumatano mvua ilianza alfajiri. Ahmadi alimuaga mkewe, akaenda stendi, lakini gari la Dumila likajaa saa nne na kuondoka yeye akiwa amesimama palepale. Mara ile mikono miwili ya Wilfred ikamrudia. Akamkumbuka mbeba mboga. Hata kama mtu amekukosea, alijiambia, huyo ni kiumbe wa Mungu, na mimi si muuaji. Akageuka. Alitembea, akaharakisha, mwishowe akakimbia, kanzu imelowa na kumnasa miguuni.

Alifungua kibanda, akaitungua ile jozi mpya ukutani, akaivaa begani kuelekea kwa Wilfred. Hakufika hata mlangoni.

"Alaa, fundi! Leo hukwenda Dumila?"

Wilfred alikuwa amesimama nje na mwavuli, mzima wa afya. Alikuwa kwa miguu, suruali imepigwa pasi, viatu havina tone la tope.

Ahmadi alishika kizingiti. Moyo ulitua, na machozi yakamlenga bila aibu. "Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi. Sikia, hizo tairi za jana nimekosea. Nipe baiskeli nizibadilishe sasa hivi."

"Mimi leo nipo ofisini, kama Jumatano zote." Wilfred aliufunga mwavuli, akaingia, akateremsha sauti. "Fundi, niliahidi kutosema, lakini kwa wema ulionifanyia jana naona haya kuendelea kukuficha. Baiskeli Jumatano huwa namwazima shemeji Hidaya, ampelekee mama yako dawa. Saa hizi atakuwa anashuka."