Chungu cha Mama Felista

Felista aligeuka kuhakikisha hakuna anayemwona, kisha akamimina maji ya dukani kwenye chupa ya kioo iliyoandikwa jina lake. Ile chupa ya plastiki ya dukani akaifukia chini ya lundo la kabichi zinazosubiri lori la Dar.

"Bwana Yesu nisamehe," alinong'ona. "Nitaungama Jumapili."

Hakuwa mwongo, huyu mama. Aliogopa tu. Mjukuu wake Pendo alikuwa anaachishwa ziwa, na nyumba ikagawanyika: mtoto anywe maji gani? Felista alikuwa na chungu cha marehemu mama yake. Maji ya mto aliyatia unga wa mbegu za mlonge, akayakoroga, akayaacha yatuame, kisha akayachuja kwa kitambaa cha pamba mpaka chunguni. Mbegu aliletewa na mdogo wake kutoka Kingolwira, maana huku juu Mgeta mlonge haupendi baridi. Kijiji kizima hapakuwa na mwingine mwenye nazo.

Irene, mke wa mwanawe, alikuwa na ndoo ya kisasa yenye chujio na koki.

"Mama, siku hizi maji yana plastiki ndogondogo, hata macho hayazioni," alisema. "Chungu chako kitazitoaje?"

"Mumeo kanywea humo mpaka kaota ndevu. Ulimkuta mgonjwa?"

Kasiani, aliyebanwa katikati ya mke na mama, akachoka. Editha, mtaalamu wa chuo kutoka mjini, alipopanda kijijini kupima plastiki hizo kwenye maji, Kasiani akamwomba apime na ya kwake. Kila mmoja ajaze chupa ya kioo kutoka chombo chake. Atakayeshindwa, chombo chake kitoke ndani ya nyumba.

Hapo ndipo moyo wa Felista ulipoingia ubaridi. Mlonge unashusha tope, hilo alilijua tangu utoto. Lakini kitu kisichoonekana, nani amewahi kukiona kikitoka? Maji ya dukani ndiyo huwekwa mbele ya maaskofu na mawaziri. Hayo hayawezi kumwangusha.

Alipoingia jikoni asubuhi hiyo, chupa yake ikiwa tayari mkononi, alikuta kifuniko cha chungu kimekaa upande na maji yamepungua. Akamlaani paka. Irene alikuwa uani, anakaza kizibo cha chupa yake.

"Shikamoo mama," alisema bila kuinua uso.

"Marahaba," Felista alijibu, naye akitazama pembeni.

Wiki mbili baadaye Editha alirudi na karatasi za matokeo. Walikaa sebuleni, Pendo mapajani kwa bibi yake.

"Maji ya Bibi Felista," Editha alisoma, akasita. "Pole sana, bibi. Yana plastiki nyingi kuliko yote niliyopima hapa kijijini."

Felista aseme nini? Akikubali, chungu cha mama yake kinatoka. Akieleza ukweli, anatoka yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Akamkumbatia Pendo, machozi yakimlengalenga.

"Ya Irene sasa," Editha aliendelea. "Haya ndiyo safi kupita yote. Plastiki karibu hakuna."

Kasiani alishusha pumzi, akainuka kwenda jikoni kukitoa chungu. Irene hakushangilia. Alikuwa ameinamia sakafu, anazungusha pete yake.

"Subiri kidogo, kaka," Editha alisema, akifunua karatasi ya pili. "Dada Irene, naomba unifundishe na mimi. Ule unga wa mlonge niliouona kwenye maji yako, huku Mgeta unaupata wapi?"