Leo Bado Ni Jumanne

Bunge lilisimamisha tarehe ili muda wa nchi kujitoa kwenye Umoja usipite kabla wabunge hawajakubaliana. Hawajakubaliana mpaka sasa. Kwa hiyo kisheria leo bado ni Jumanne ileile, na binti yangu Koku, aliyezaliwa Alhamisi iliyofuata, hajazaliwa.

Ameshaanza kung'oka meno. Nilimvalisha sare, nikampeleka shuleni.

“Mama Koku, hata mimi namwona,” alisema Mwalimu Byabato. “Lakini mashine inasema huyu bado ni mimba.”

“Basi mimba hii inajua kusoma. Mpe kitabu uone.”

Alicheka kidogo, kisha akainamisha macho. “Mlete kesho.”

Kwetu siku hizi hilo ndilo neno la kumfukuza mtu kwa adabu. Watoto nao wanalijua.

Nyumbani Koku alivua sare mwenyewe, akaikunja. Nilimwambia aiache kitini, ataivaa tena kesho. Aliniangalia kwa huruma, akaja kuiweka juu ya tumbo langu, ambalo sasa halifichiki.

“Mtunzie mdogo wangu,” akasema.

Kisheria hawa wawili ni rika moja.