Kicheko Kisicho Mahali Pake

Watoto walicheka tena, palepale.

Bata alikuwa amepiga magoti sokoni akimlilia mwanawe aliyepotea. Mama Sauti, aliyechuchumaa nyuma ya pazia na karagosi huyo mkononi juu ya kichwa, alikuwa akilia machozi ya kweli. Kwa miaka ishirini na miwili aliwaliza watoto kwa bata huyo. Likizo hii, kila siku, ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Aligeukia kushoto. Kati yake na mwenzake Mpole ulisimama ubao uliochorwa nyumba za mji, na upande wa pili Mpole alikuwa na karagosi wake, paka mlinzi wa soko. Mama Sauti hakuhitaji kuambiwa. Paka alikuwa akifanya vituko huko juu wakati bata analia.

Yasingemuuma sana kama si maneno ya meneja. Siku ya kwanza ya likizo aliwaita wote wawili ofisini akawaambia kwamba ziara ya mashuleni mwakani inahitaji mtu mmoja tu.

"Atakayekwenda ni yule ambaye watoto wanamtaka."

Tangu hapo Mama Sauti hakumwamini mwenzake hata kwa salamu. Mpole alikuwa na uso wa karani wa kugonga mihuri. Ukimtukana, anakuuliza kama umekula. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa. Akimletea maji, Mama Sauti aliyanusa kwanza. Hata alipolisifu pazia jipya la buluu, alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Pazia hilo alilishona mwenyewe, kwa kitambaa chepesi, maana lile la zamani lilikuwa zito kama blanketi na joto la taa zilizo juu yao liliwapika wazimawazima.

Kisha siku moja akakutana na watoto kadhaa kwenye korido. Walipomwona tu, walivimbisha mashavu, wakakunja nyuso kama wanaotaka kulia, wakakimbia wakicheka. Kumbe wamefundishwa kumdhihaki! Alimfuata Mpole.

"Huyo paka wako anafanya nini wakati mimi nalia?"

"Hafanyi kitu, dada. Namshusha, anatulia."

"Sasa wanacheka nini?"

"Hata mimi najiuliza."

Uso haukucheza hata kidogo. Mwongo wa kutupwa.

Kesho yake Mama Sauti aliingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi.

"Leo mwache Mpole acheze peke yake, bata na paka. Wewe njoo tukae nyuma, umwone kwa macho yako. Nikiwa nimemsingizia, mpe yeye hiyo ziara."

Walikaa kwenye viti vidogo vya safu ya mwisho, magoti yakiwagusa kidevu. Ukumbi ulijaa pomoni. Taa za ukumbini zilizimwa, zile za nyuma ya pazia zikawashwa. Vichwa vya watoto vilimziba Mama Sauti kwa chini, lakini vikaragosi vilionekana vizuri, na macho yake aliyakaza kwa paka.

Bata akapiga magoti. Akaanza kulia.

Paka alishuka taratibu, akatulia.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alipiga mwayo, mwingine akaomba kwenda msalani. Meneja alikohoa, akamtazama Mama Sauti kwa pembe ya jicho. Mama Sauti aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Amemsingizia mtu, na ziara ameitoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Msichana mdogo aliyekaa mbele yake alisimama, akasogea kando na kumvuta babu yake shati. Pale kichwa chake kilipokuwa, Mama Sauti akaliona pazia lake la buluu kwa mara ya kwanza kutoka upande wa watoto. Ndani yake alikuwamo Mpole mzima, amechuchumaa, uso mkavu, mpaka tundu la soksi yake linaonekana.

"Babu, twende nyumbani," msichana alisema. "Leo yule bibi anayelia humo ndani hayupo."