Kijiti na Marufuku ya Shayiri

"Kwa mamlaka niliyonayo katika banda hili," Mjomba alitangaza, kifua mbele, "atakayempa Kijiti hata punje moja ya shayiri, atanijua mimi ni nani!"

Kijiti, mtoto wa farasi mwenye miguu mirefu kuliko akili, akampigia chafya kifuani.

Daktari wa mifugo alikuwa amepiga magoti, akipapasa vifundo vilivyovimba. "Shibe ya shayiri inamkuza upesi mno, na mifupa haijakomaa. Nilisema nyasi tu. Uvimbe huu usipopungua, miguu itapinda, na itabidi nimpasue."

Kupasua? Mjomba alikuwa amedhani daktari anatishia tu.

"Mama watoto," alimgeukia mkewe kwa ukali, "si wewe kweli unayempa?"

"Mimi? Hata mkia wake naukimbia!"

"Basi tumuulize mwenyewe," daktari alisema, akafungua kamba.

Kijiti alimpita daktari, akampita mke, akatumbukiza pua yote kwenye mfuko wa koti la Mjomba. Shayiri ikamwagika sakafuni.

Mkewe alishika kiuno.

"Ni kiganja kimoja tu, dokta," Mjomba alinong'ona. "Asubuhi. Na jioni. Ananitazama kama yatima, huyu! Usimpasue yeye. Nipasue mimi."