Namba ya Kengele

Kwa miaka kumi na tisa, mtambo wa maji wa mji ule ukileta shida, aliitwa Mzee Ngwali. Siku hizi anaitwa Salha, binti aliyeunganisha kompyuta inayoandika kiwango cha dawa ndani ya maji. Hata meneja akiingia huuliza, "Salha yuko wapi?" Ngwali akaona wivu.

"Kumbukumbu ikikaribia kujaa, kengele italia kwenye simu yangu," Salha alimweleza. "Nisipohamisha data ndani ya nusu saa, za zamani zinafutika. Na watu wa afya wanazitaka kesho."

Alipotoka kwenda kunywa chai, Ngwali akaifuta namba ya binti kwenye kompyuta, akaandika yake mwenyewe, vilevile alivyomwona akifanya.

Haikupita robo saa, simu ikatetemeka mfukoni. Akavaa miwani kwa madaha, akasoma: "Nafasi inaisha. Hamisha data." Akaigeukia kompyuta. Hakujua aanze kubonyeza wapi.

Dirishani alimwona Salha uani, anacheka na meneja, simu yake kimya kando ya kikombe.

Ya Ngwali ikatetemeka tena. Akaifunika kwa viganja viwili, kama anayemziba mtoto mdomo.