Wimbo wa Mapasa

Bijou alijisifu kwamba Lubumbashi nzima hakuna anayesamehe upesi kama yeye. Ila, akaongeza, bado hajajaribu.

Mwaka ule wa uporaji, maduka yalibaki kuta tupu, lakini wimbo mmoja mpole wa gitaa ulikuwa wa kwanza redioni. Jukwaani, mwimbaji wake, kijana mmoja, akapangusa chozi mbele ya watu.

"Nilitunga miye mwenyewe! Hata mama yangu, ule pale mbele, alisikia ku radio tu."

Kati ya watazamaji, Bijou akainuka na beseni lake tupu la sokoni. Huo ulikuwa wimbo aliowatungia watoto wake pacha, mapasa wake; kijana huyo aliuiba uani kwake, akaupunguzia mwendo na kuondoa matusi yake.

"Bamama, muniitikie!"

Akalipiga beseni kwa mwendo wa mapasa. Desturi ya wimbo wa mapasa, kila mama hujibu kwa matusi ya wimbo wenyewe na kukata kiuno.

Aliyetangulia ni mama wa mwimbaji, na hakukosea hata tusi moja.